Tunahubiriwa Hanania kwa mstari wa Yeremia

Jumapili nilitoka ibadani nina hasira, na leo ni Alhamisi haijapoa. Acha niandike.

Sikuwa kanisani kwetu. Nilialikwa kwenye ibada ya shukrani, nikaenda na moyo mweupe kabisa. Neno la siku lilikuwa Yeremia 29:11, ile ahadi kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani. Likatokea kwenye skrini, tukalisoma kwa sauti, tukaambiwa tumgeukie jirani tumwambie mwaka huu hauishi bila kuiona. Baada ya hapo mahubiri yalikwenda zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyerudi tena kwenye Yeremia. Hatukuambiwa nani alikuwa akiandikiwa, yuko wapi, kafikaje huko. Mama aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na Biblia mapajani, ile nyeusi ya zipu, na zipu haikufunguliwa tangu mwanzo hadi baraka.

Huyo mama ndiye sababu ya makala hii.

Watu walipokuwa wanatawanyika alinishika mkono. "Bwana asifiwe, mwanangu. Nina swali, lakini usinione nimerudi nyuma." Tukakaa kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini. Akaniambia mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na mwaka uliofuata kibanda chake cha mitumba kikaungua pamoja na marobota mawili ya mkopo. Tangu msiba, mstari huu ndio aliopewa ausimamie. Ameufungia saumu, ameutolea sadaka, ameukiri kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. "Sasa mwanangu, nimekosea wapi? Kijana wangu mkubwa ananiambia Mungu wako kakusahau. Na mimi nimeanza kuona kama anasema kweli."

Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza nauli. Mimi ndiye niliyeshindwa kuzuia machozi.

Nikamwomba tufungue ile zipu. Tukaanza sura ya 29 kutoka mstari wa kwanza, yeye akisoma kwa kidole, mimi nikimsikiliza. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Wanaopokea barua wamepoteza nyumba, mashamba, makaburi ya wazee wao, na hekalu liko mbali wasikoweza kufika. Na barua inawaambia nini? "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, ozesheni, zaeni watoto hukohuko. Uombeeni mji huo huo uliowateka. Hayo si maneno ya kumwambia mtu anayerudi kwao wiki ijayo.

Akafika mstari wa 10, kidole kikasimama. "Miaka sabini?" Akaninyanyulia uso. "Sabini?"

Ndiyo, mama. Sabini. Mstari wa 10 unasema sabini, na wa 11 unaanza na neno "maana", ishara kwamba umeshikana na ule wa juu yake. Mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia ni mawazo ya amani ndani ya hiyo miaka sabini. Wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli, nao walikufa wakiwa wameishika, na waliorudi ni watoto na wajukuu wao.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria: "Kumbe sikukosea. Kumbe niliambiwa nusu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mhubiri aliyeandaa somo la Yeremia 29 ilimpasa aione sura ya 28, maana ziko ukurasa mmoja au zimepakana. Katika sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni. Anasimama katika nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya mfalme wa Babeli. Ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Mnasikia jinsi inavyofanana? Tarehe iko karibu, kila kitu kinarejeshwa, na hakuna anayeulizwa juu ya dhambi yake. Na angalia alivyoanza: "Bwana wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi." Ndiyo maneno yaleyale ya Yeremia. Kwa kusikia tu, kwa ukubwa wa sauti, kwa ujasiri wa uso, usingemjua yupi ametumwa na yupi amejituma.

Yeremia mwenyewe aliitika "Amina! Bwana atende hivi." Kila nikifika hapo nakaa. Alitamani Hanania awe sahihi. Hakuwa mtu anayefurahia watu wake kuteseka. Ila kutamani hakukumfanya abadilishe alichoambiwa. Hanania akaitwaa nira ya mti ambayo Yeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja mbele ya watu, na nina hakika siku ile watu walishangilia. Baadaye neno likaja kwamba nira za mti zimevunjwa, badala yake zitakuwa nira za chuma. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Sasa fikiria tunachofanyiwa. Tunachukua mstari wa Yeremia, tunauhubiri kwa ujumbe wa Hanania. Kinywani ni sabini, masikioni ni miwili. Na barua yenyewe, mstari wa 8, inawaonya mateka kwamba manabii walio kati yao wasiwadanganye! Onyo liko mistari mitatu juu ya ule tunaouandika kwenye kalenda, kwenye kava la simu na kwenye kioo cha daladala.

Mtu akiniambia kwamba ni mstari tu, unawatia watu moyo, nimwache mhubiri, nitamwonyesha yule mama. Moyo uliotiwa kwa namna ile ulidumu miaka mitatu, halafu ukamgeuka. Kilichobomoka kwake ni ahadi ambayo Mungu hakumpa, ila yeye hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu alichopewa ni mstari bila sura yake. Tunalia kwamba vijana wanaiacha imani. Wengine wanaacha kitu ambacho hakikuwa imani ya Maandiko tangu mwanzo.

Filipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", inatendwa hivyohivyo. Someni tu mstari wa 12, muone Paulo anavyosema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Na alipomjaribu Yesu, Ibilisi naye alinukuu Zaburi ya 91, na katika majaribu yale alijibiwa mara tatu kutoka Kumbukumbu la Torati. Sitaongeza neno hapo.

Nimelelewa na bibi, huko Mpwapwa. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ile ya mwanzoni mwa sabini, chini ya mti, na mtoto mgongoni. Kitabu chake cha kwanza kukimaliza kilikuwa Injili ya Luka. Biblia yake ilikuwa Union Version, ile iliyotoka nzima mwaka 1952, na alipofariki nikaachiwa mimi. Iko hapa mezani ninapoandika. Mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia. Kurasa za Zaburi zimekuwa laini kama kitambaa, na kila ukurasa umeshika harufu ya moshi. Pembeni ameandika kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyejua kalamu akiwa na mikono iliyokwisha kukomaa kwa jembe: mwaka, na neno moja. Penye Habakuki 3:17, "Maana mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda", ameandika "1974 njaa".

Ugogo wanaujua mwaka huo. Mtama ulikauka, ng'ombe wakafa. Bibi hakuwa ameandikia neno hilo penye mstari wa mavuno. Alilitafuta Neno linalofanana na mwaka wenyewe, na alikuwa analijua liko wapi kwa sababu alikuwa akisoma kitabu kizima, hata Habakuki ambayo wengi wetu tunaitafuta kwa faharasa. Na mstari unaofuata ameupigia mstari mara mbili: "Walakini nitamfurahia Bwana." Mimi sikuwahi kumsikia bibi akikiri chochote kwa sauti kubwa. Alizika watoto wawili na mume. Kila jioni, baada ya kufunika moto, alisoma alipoishia jana.

Hiyo ndiyo habari yote ya kusimama imara ninayoijua. Aliposoma mfululizo alikutana na kila kitu kabla hakijamkuta. Alijua kwamba kuna Zaburi ya 88, ambayo inaanzia kwenye kilio na kuishia gizani bila aya ya faraja mwishoni, na bado ni sala, bado imo kwenye kitabu. Mtu aliyewahi kuipitia hiyo hatashangaa siku akiomba na pasiwe na jibu. Hatadhani amefukuzwa. Mtu anayelishwa mistari ya ushindi tu, siku ya giza anakuwa peke yake, na anajiona wa kwanza duniani.

Najua mtakayonijibu. Kiswahili cha Union ni kigumu. Sawa, nakubali, kuna maneno pale hata mimi nauliza, na Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, ipo, chukueni hiyo. Mko bize, nawaamini. Lakini Marko yote, sura 16, ukiisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho haizidi sana muda wa mechi moja na mapumziko yake.

Kuna moja nalikubali kwa uchungu. Kusoma peke yake hakutoshi. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulipofukuliwa, ilipatikana miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kule nako Biblia zilikuwepo, nako mistari ilinukuliwa. Kwa hiyo sisemi kila mtu ajifungie na Biblia yake atafsiri anavyojisikia. Katika Matendo ya Mitume, towashi wa Kushi alipoulizwa na Filipo garini, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?", alijibu atawezaje mtu asipomwongoza, na Filipo akapanda akakaa naye. Lakini angalia Filipo alifanya nini: alianzia palepale mtu alipokuwa anasoma. Na wale wa Beroya walipohubiriwa na Paulo mwenyewe, waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka, mwandishi wa Matendo, anawaita waungwana kwa sababu hiyo. Hakusema wana roho ya ubishi. Mchungaji anayechukia kuchunguzwa na Maandiko anajiweka juu ya Paulo, na hapo ondoka, mpendwa, hata kama kwaya yao ni nzuri.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu wengi wamezaliwa mara ya pili ndani yake, hauko mbali na hili. Septemba 1929, kilimani Namirembe, Kampala, daktari Joe Church aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda, wote wawili wakiwa wamechoka kiroho, walikaa na Biblia wakisoma na kuomba. Hapakuwa na jukwaa wala bango. Kutoka hapo moto ukafika Rwanda, Burundi, Kenya, Tanganyika, ukafika hadi kwa bibi yangu.

Na Danieli naye! Mateka mwingine wa Babeli, mzee sasa. Sura ya 9 anasema alifahamu ile miaka sabini "kwa kuvisoma vitabu". Alikuwa anamsoma Yeremia. Na alipojua muda umekaribia, hakusimama kudai haki yake. Alivaa magunia, akafunga, akaungama dhambi za watu wake na zake. Hivyo ndivyo sala inavyokuwa ikitoka kwenye kusoma. Natamani kumsikia mtu akihubiri Yeremia 29 na kumalizia hapo.

Jumapili ile tulikaa chini ya mwarobaini hadi watu wa usafi wakaanza kupanga viti. Mama hakupata jibu la kibanda, wala la marobota, wala la mumewe. Sikumwahidi chochote. Tuliomba, nikampa namba yangu, akafunga zipu, akapanda bodaboda.

Jana usiku, saa tano kasoro, akanitumia ujumbe. "Mwanangu nimefika sura ya 32. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia yuko kifungoni, halafu ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli kumi na saba na hati anaiweka kwenye chombo cha udongo ikae siku nyingi. Ananunua shamba kwenye vita? Jumamosi uko nyumbani? Nataka tusome hapo pamoja, na kijana wangu nakuja naye."