Kabla Hujaniambia Nimwachie Mungu

Saa tano usiku simu ikalia. Ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, dakika nne na ushee, kutoka kwa binamu yangu. Mama alikuwa na siku ya tatu tangu afanyiwe upasuaji, nami nimeketi kando ya kitanda chake na daftari mapajani: saa za dawa, joto la mwili, maji aliyokunywa, nani amekuja kumwona na amekaa muda gani. Na binamu, huko alikojilaza, ananiasa kwa ile sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Ndugu yangu, unajitesa bure. Achilia. Mwachie Mungu."

Watu kumi na mmoja wakaweka vile viganja vilivyounganishwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza zamu ya kesho ni ya nani.

Huyu binamu namjua vizuri. Rimoti ya televisheni nyumbani kwake haijawahi kuguswa na mkono mwingine. Akiendeshwa na mtu, mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Mkewe akichelewa kidogo tu kurudi, anapigiwa simu mpaka chaji inamwishia. Kwake hakuna kilichowahi kuachiliwa. Cha kuachiliwa ni mama yangu. Mkuki kwa nguruwe!

Nieleweke. Sina ugomvi na kuachilia. Nakubali kwamba ni ibada, na pengine ni ibada ngumu kuliko kufunga. Ninachosema ni kwamba ni ibada yenye nafsi moja tu, nafsi ya kwanza. "Naachilia" ni sala. "Achilia" ni amri, na anayetoa amri bado kashika usukani. Kumwambia mwenzako asalimishe jambo ambalo wewe halikuumizi ni kumtawala tu, ila kwa sauti ya upole. Mara nyingi maana yake halisi ni: hofu yako inanichosha, ifiche.

Waliolijua jambo hili kwa shida walikuwa waangalifu nalo. Chukua walevi waliokusanyika Marekani kuanzia mwaka 1935 ili wasaidiane kuacha pombe, Alcoholics Anonymous. Zile hatua zao 12 zimeandikwa kwa "sisi", na kwa wakati uliopita: tulikiri, tuliamua. Hatua ya tatu ndiyo ya kuyakabidhi maisha na utashi wao kwa Mungu, kila mmoja kadiri anavyomfahamu. Na ukidhani sasa ni muda wa kupumzika, ya nne inakutaka ujichunguze bila woga na uorodheshe kasoro zako mwenyewe. Zako! Nimezisoma zote 12, sijaona ya kumtumia ndugu ujumbe wa sauti.

Halafu kuna Gethsemane, mahali ambapo mahubiri mengi hupita kwa kukimbia. Sote tunaijua nusu ya pili: "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Nusu ya kwanza je? "Ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Yesu aliomba kiondoke. Kwa mujibu wa Mathayo alirudi kuomba mara tatu, na kabla ya hapo alikuwa amewaambia rafiki zake waziwazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Hakuna aliyemwambia anajitesa bure. Alichowataka ni wakeshe naye, na wao wakalala. Tazama basi mgawanyo wa kazi katika bustani ile: kusalimu ni kwa mwenye kikombe, kukesha ni kwa wengine. Sisi tumeugeuza. Tunalala sisi, kisha tunamkumbusha mwenye kikombe asalimu amri.

Waislamu nao wana tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, na wanajua ilivyochezewa. Katika Kurani, sura ya Al-Imran aya ya 159, kumtegemea Mwenyezi Mungu kunakuja baada ya kushauriana na baada ya kukata shauri. Yule mtu wa ngamia, katika hadithi ya Mtume aliyoipokea Tirmidhi, aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Arjuna, yule shujaa wa vita katika Bhagavad Gita ya Wahindu, alipofundishwa moyo wa kutoshikilia matunda ya kazi, alikuwa ameshaweka upinde chini. Fundisho lilimtaka auokote. Na ile sala maarufu ya mwanateolojia Reinhold Niebuhr, ambayo kila mtu hunukuu kipande cha utulivu wa kukubali yasiyobadilika, ina kipande cha ujasiri wa kubadilisha yanayobadilika, kilichobaki yatima.

Haya. Sasa niseme nisichopenda kukisema.

Binamu alikuwa na haki kidogo. Kidogo sana, na hakujua. Usiku uleule, kabla ya ujumbe wake, nilikuwa nimemwamsha Mama nimuulize kama amelala vizuri. Ndiyo, nilimwamsha. Alinitazama kwa muda, akauliza taratibu, "Mwanangu, hilo daftari ni langu au ni lako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye nililipitia ukurasa kwa ukurasa. Safu ya joto la mwili ilikuwa yake, daktari aliitumia. Saa za dawa, yake. Lakini ile ya nani amekuja na amekaa muda gani ilikuwa hesabu yangu ya kinyongo, nikiitunza kama mweka hazina. Na kulikuwa na safu niliyoichora jana yake, haina hata kichwa, mistari mitupu tu, kwa ajili ya jambo lolote ambalo sijalifikiria bado. Nadhani ile ndiyo ilikuwa dini yangu halisi. Niliamini kwamba baya likiwa na mahali pa kuandikwa, haliwezi kutokea.

Nilirarua kurasa za wageni. Ile safu isiyo na jina nilishindwa, nikaiacha.

Binamu alikuja Jumapili. Sikumwambia lolote kuhusu rimoti. Nilimpa kiti changu na glasi ya maji ya mgonjwa, nikamwonyesha saa ya kidonge kinachofuata, nikatoka nje. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutochungulia dirishani. Nilichungulia mara mbili. Alikuwa amemshikia Mama glasi kwa mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa inahesabu mafunda.

Usiku wa jana nilisimama mlangoni. Sikuingia. Nikahesabu pumzi saba kutoka palepale, nikaenda kulala, daftari likiwa chini ya mto.