Mfungwa apangwe daraja la ulinzi gerezani kwa hukumu au kwa mwenendo?

Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000 wa Kenya waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Wakawa wafungwa wa maisha. Wengi walikuwa wamekaa miaka bila kazi, wakilindwa kama watu wa hatari kuliko wote. Baada ya sahihi moja, wakaruhusiwa kufanya kazi kama wenzao. Tabia zao hazikubadilika usiku ule. Kilichobadilika ni karatasi.

Hapo ndipo kumpanga mtu kwa hukumu kunapochechemea. Sheria ya Kenya inaadhibu wizi wa mabavu kwa kifo, na kuwa wawili tu kunatosha kuufanya wizi uwe wa aina hiyo. Kijana aliyepora simu akiwa na mwenzake anaweza kujikuta kundi moja na muuaji.

Basi tupime mwenendo? Nami naelemea huko, ila Gereza la Kamiti linanitia breki. Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka gereza hilo, mmoja wao akiwa amefungwa kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la 2015 lililoua watu 148. Walikamatwa Kitui siku chache baadaye. Askari kadhaa wa gereza walitiwa mbaroni wakishukiwa kushirikiana nao, na mkuu wa magereza akafutwa kazi. Hatari yao ilijulikana. Mashaka yaliwaangukia wenye funguo. Ukiwapa askari haohao kalamu ya kuamua nani ametulia, umewapa kingine cha kuuza. Tena mfungwa mtulivu, anayesifiwa hata na nyapara, huenda utulivu wake ni subira tu.

Uingereza, baada ya jasusi George Blake kuruka ukuta wa gereza la Wormwood Scrubs mwaka 1966, iliweka madaraja manne, A hadi D, yanayopima hatari ya mtu akitoroka, na daraja hupitiwa upya. Ningechukua hilo la kupitia upya: hukumu iwe mlango wa kuingilia tu, kisha jopo lenye watu wa nje ya magereza likae kila mwaka, na mfungwa apewe sababu kwa maandishi aweze kuzipinga.

Kwa mahabusu mambo ni magumu zaidi. Hana hukumu, na mwenendo wake hakuna aliyeupima. Kinachomtangulia gerezani ni mashtaka tu, nayo yaliandikwa na wanaomshtaki.