Nati mbili zilizobaki

Mwaka 2013 nilitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa pikipiki ya Boxer, zaidi ya kilomita 800. Jioni ya kuamkia safari, kijiwe kizima cha bodaboda cha mtaani kwetu Tandika kilihamia kwa fundi. Mmoja anamulika kwa simu, mwingine keshakwenda kuchukua cheni kwa mkopo bila mimi kumtuma, watatu wanabishana kuhusu plagi, kahawa na kashata zinapita. Saa tano usiku fundi akafunga injini, akafuta mikono, kiganjani zikabaki nati mbili. Nikamuuliza, kaka, hizi je? "Hizo za ziada." Wakacheka wote, nami nikacheka, nikazitia mfukoni.

Sasa ni mwaka wangu wa nane Hamburg, Ujerumani, na mwezi wa sita nakwenda Nordkapp, kaskazini kabisa mwa Norway, ambako msimu huo jua halizami. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 2,500. Pikipiki ni Honda Transalp kuukuu yenye kabureta mbili, na zisipoelewana inakohoa kama mzee wa kiko.

Nilimwambia rafiki yangu Mjerumani wa kazini kwamba nahitaji mkono wake. Akatoa kalenda. Jumamosi, baada ya wiki tatu, saa nne asubuhi. Wiki tatu! Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikasema basi Jumapili nitaanza mwenyewe uani, nikakumbuka Jumapili hapa kelele ni mwiko; jirani wa ghorofa ya pili angeshuka kabla sijaiona spana namba 12.

Jumamosi ilipofika, saa nne kasoro dakika moja, kengele ikalia. Kaja na kitabu cha matengenezo cha Transalp alichokwisha kukisoma, chupa ya mafuta ya breki ambayo mimi sikuiwaza, na orodha ya mambo 14. Hakuna stori. Kila nati anaikaza kwa spana yenye kipimo mpaka ilie "tak", kisha anaipiga kistari cha rangi nyeupe, ili ikilegea siku moja uone kwa macho. Hadi saa kumi tulikuwa bado kwenye magurudumu. Pilau langu alikula sahani mbili. Pesa hakutaka hata kuiona.

Watanzania wenzangu wa hapa husema Wazungu hawana undugu. Naona tunawapimia kwa pishi yetu. Na sisi wenyewe je? Kwenye kundi letu la WhatsApp, harusi na msiba michango inatiririka, lakini nilipotaja pikipiki nikaulizwa kama nadaiwa na mtu. Mkenya mmoja tu ndiye aliyeniazima begi la kulalia, Mungu ambariki.

Ile safari ya Mbeya, ekzosi, lile bomba la moshi, iliachia katikati ya mlima Kitonga, pikipiki inanguruma kama trekta. Sikukaa dakika kumi. Dereva wa lori akasimama, kijana aliyekuwa na gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni akatoa waya, tukafunga, nikapanda. Hakuna aliyeniuliza jina wala natoka wapi.

Imenichukua miaka, tena nikiwa huku ugenini, kuelewa kwamba kwetu nati hazikazwi sana kwa sababu njiani kuna watu. Yule Mjerumani anajua kwamba kule juu Norway naweza kutembea muda mrefu bila kukutana na mtu, basi undugu wake wote anaumalizia hapa uani, kabla sijawasha. Nikiulizwa niharibikiwe wapi, nachagua Kitonga, hata iwe mchana wa jua kali. Breki zangu, lakini, wale wa kijiweni hawazigusi tena.

Juzi alikuwa akitafuta kitu kwenye kisanduku changu cha vifaa, akaibuka na zile nati mbili. Huwa natembea nazo, sijui kwa nini. Akauliza zinakaa wapi. Nikamweleza ni za pikipiki nyingine, nchi nyingine, nikamhadithia na kicheko cha fundi. Hakucheka. Akazigeuza kwenye mwanga, akazipima kwa spana, akaniuliza ilikuwa pikipiki gani.

"Za ekzosi," akasema, akarudi kwenye breki.