Namba niliyotoa ya ulinzi sio ya matangazo

Jamani hii tabia ya mitandao kulazimisha namba ya simu inanikera mpaka basi. Jana naingia kwenye akaunti yangu, paswedi sahihi kabisa, kinatokea kiboksi eti "ongeza namba ulinde akaunti yako", na kile kitufe cha kuruka wamekificha chini kabisa, maandishi madogo ya kijivu hata hayasomeki. Ulinzi gani huo? Twitter walichukua namba na imeili ambazo watu walitoa kwa ajili ya usalama wakazitumia kulengea matangazo, toka 2013 mpaka 2019, na 2022 serikali ya Marekani ikawapiga faini dola milioni 150. Halafu 2023 haohao wakasema msimbo wa kuingilia kwa SMS, ule wa kuthibitisha ni wewe baada ya paswedi, ni wa wanaolipia tu, yaani namba ilikuwa muhimu hadi ilipoanza kuwagharimu wao!

Na SMS yenyewe ni njia dhaifu, mtu akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake basi misimbo yote inaenda kwake, wewe umeshika simu haina mtandao. Wakati zipo programu za misimbo, kila sekunde 30 zinatoa tarakimu sita mpya humohumo kwenye simu hata bila intaneti, na nyingi haziulizi namba ya mtu. Wanasiasa wanawaita mabosi wa mitandao bungeni wanawahoji masaa, kamera kibao, ila hiki kiboksi hakuna anayekigusa. Mimi nakiruka tu, na kesho kitakuja tena.