Ndevu ni LA, tuendelee

"Mwalimu, yaani ndevu nazo ni za kike?"

Aliyeuliza ni mtu mzima, ana duka la vitenge Kariakoo, na wakati anauliza alikuwa amezishika zake. Darasa likaangua kicheko. Ni darasa la Kifaransa; nilikuwa nimeandika ubaoni la barbe, yaani ndevu, na juu yake le pagne, ambalo ndilo neno la Wakongo kwa kitenge. Akapiga hesabu mwenyewe: kitenge anachojifunga mkewe ni cha kiume, shati alilovaa yeye, la chemise, ni la kike, na sasa ndevu. "Hawa Wafaransa wana matatizo."

Nilicheka na mimi. Hasira ilinipanda nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani. Miaka yote hii nafundisha darasa la jioni la wanaoanza, na kila kundi jipya linakuja na swali lilelile, kwa sura ileile ya mtu aliyeonewa: kwa nini meza ni ya kike? Meza imefanya nini?

Na anayeuliza ni nani? Mswahili! Mtu aliyebebeshwa A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI, U-ZI na PA-KU-MU kabla hajaota meno, leo analia kwa ngeli mbili. Kijiko kikidondoka anasema kimeanguka, kijana akidondoka anasema ameanguka, wala haulizi ile KI imekwenda wapi. Anasema rafiki yangu mzuri amefika. Itazame hiyo sentensi vizuri: yangu ni ya I-ZI, mzuri na amefika ni za A-WA, na rafiki ni huyohuyo mmoja. Mama mmoja Mfaransa niliyewahi kumfundisha Kiswahili aliniuliza kwa nini si "rafiki wangu". Nikamjibu ndivyo tunavyosema. Akaandika, akafungua ukurasa mwingine. Hakusema Waswahili wana matatizo.

Kosa, kusema kweli, ni letu walimu. Tumechukua masculin tukasema kiume, féminin tukasema kike, na papo hapo mwanafunzi anaanza kuitafutia meza hereni. Mimi nimeacha. Neno la "kiume" hutanguliwa na le, la "kike" na la. Kuanzia sasa darasani kwangu kuna ngeli ya LE na ngeli ya LA, basi. Mbona KI-VI hatuiiti ngeli ya vijiko?

Najua mtakalosema: Kiswahili kinajionyesha, neno likianza na ki- unaliona. Haya, nakubali, nusu. Meza ina alama gani usoni? Kalamu je? Nyumba, ndizi, saa? Unajua ni I-ZI kwa sababu tangu utotoni ulisikia meza yangu, meza hii, meza imevunjika. Neno halikuja peke yake, lilikuja na ndugu zake. Mfaransa naye alipewa la table hivyohivyo, akiwa mapajani kwa bibi yake. Kwa hiyo ukiandika kwenye daftari "table: meza" umejiibia mwenyewe. Andika la table, une table (meza moja), ma table (meza yangu), na uyatamke hivyo hata ukiwa jikoni. Mwisho wa neno nao unasaidia: likiishia na -tion, karibu kila mara ni LA, likiishia na -age, mara nyingi ni LE, kama le voyage (safari) na le mariage (ndoa), mpaka zije la plage (ufuo) na la cage (kizimba) kukuharibia sherehe.

Na usidhani ni mapambo. Le manche ni mpini, la manche ni mkono wa nguo. Muuza vitenge, hiyo inakuhusu.

Kwa watu, sawa, jinsia inaingia: jirani mwanaume ni le voisin, mwanamke ni la voisine. Lakini une personne, yaani mtu, ni LA hata akiwa na ndevu. Na wenyewe hawajamaliza kugombana. Mwaka 2020 watu Ufaransa wanasema le Covid, Académie française, chombo cha tangu 1635 kinachosimamia lugha yao, kikatoka mwezi Mei na kusema ni la Covid. Wengi waliendelea na le yao.

Maswali mengine nayajibu haraka. Nitaongea baada ya miezi mingapi? Inategemea utafungua mdomo lini. Lini niseme tu, "wewe" ya kirafiki, na lini vous, ya heshima? Aliyelelewa na shikamoo anauliza nini hapo? (Ingawa mimi mwenyewe niliwahi kumwambia tu mama mmoja wa Bukavu, umri wa mama yangu. Alinijibu kwa Kiswahili, polepole, kama anayemhurumia mgonjwa.) Herufi zisizotamkwa? Hapo nawaunga mkono kabisa. Il parle (anaongea) na ils parlent (wanaongea) zinasikika sawasawa, na zile n na t sijui zinalipwa mshahara wa nini.

Hesabu nazo, swali halali: sabini ni sitini-na-kumi, tisini ni ishirini-mara-nne-na-kumi. Ila wateja wa Lubumbashi, kule Kongo, Kifaransa chao kiliingia kwa mlango wa Ubelgiji, wanasema septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Muuza vitenge wetu alikuwa amekariri za Paris usiku kucha. Mteja alipomtajia septante-cinq, sabini na tano, akabaki anamkodolea macho. Lakini sisi tunaotazama saa iliyoandika 7 tukasoma saa moja, kwenye hesabu tuongee taratibu.

Alhamisi alikuja na daftari jipya, amelipiga mstari katikati, LE kushoto, LA kulia. Pagne kushoto. Manche pande zote mbili, na kando yake amechora jembe na blauzi. Barbe kulia, bila maneno. Nikajisikia mwalimu kweli, mpaka aliponyoosha kalamu.

"Mwalimu, na masharubu?"

La moustache. Nikafuta ubao, tukaanza vitenzi.