Taarifa Muhimu kwa Mshiriki Asiye na Pa Kuulizia

Kwa heshima na taadhima, ninaomba kuelezwa ni nani hasa huandika ule waraka uitwao "Taarifa Muhimu kwa Washiriki", ambao waandaaji wa semina za nje ya nchi hututumia pamoja na mwaliko, kwa sababu nina maneno naye. Ukiusoma utadhani mshiriki huchipuka usiku mlangoni mwa ukumbi kama uyoga. Kuna picha ya ukumbi wakati wa machweo, kuna aya tatu za historia ya mji tangu enzi za wafalme, kuna wastani wa joto la mwezi husika, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, kuna sentensi moja: "Washiriki watashughulikia viza zao wenyewe." Mambo yote yanayomkosesha mtu usingizi yamekunjwa humo, kisha mwandishi akaenda zake kunywa kahawa.

Tuanze na hiyo viza, kwa kuwa ndiyo inayonyonya damu kuliko mengine yote. Ubalozi unataka kuona ushahidi wa safari ya kwenda na kurudi, lakini mwajiri hatoi fedha ya tiketi mpaka aione viza. Mwandaaji naye hathibitishi chumba cha hoteli mpaka ajue kama utafika, ilhali ubalozi haufungui faili lako mpaka uone mahali utakapolala. Kila mmoja wao ana hoja, na kila mmoja ananisubiri mimi nimalizane na mwenzake. Balozi nyingi zenyewe hushauri mwombaji asinunue tiketi kabla ya kupewa viza, kwa hiyo njia ya kutokea ni kuomba nafasi ya ndege iliyoshikwa tu bila kulipiwa, pamoja na chumba kinachoweza kufutwa bila faini. Je, mnadhani jambo hilo limo katika waraka? Halimo. Kilichomo ni jina la mto unaopita katikati ya mji.

Chukueni mfano wa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, ambazo sasa ni 29 na ambazo, kwa bahati mbaya yetu, zinapenda sana semina. Maombi ya viza ya muda mfupi hayapokelewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na yanapaswa kuwasilishwa angalau siku 15 kabla yake. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini wakiona haja ya kulichunguza ombi zaidi wanaweza kujiongezea muda hadi siku 45, na hapo bado hujahesabu siku za kusubiri miadi ya kwenda kuweka alama za vidole. Sasa mwandaaji, ambaye ameipanga semina yake tangu mwaka jana, hukutumia barua ya mwaliko zikiwa zimebaki wiki tatu, akimalizia kwa kusema kwamba anakusubiri kwa hamu kubwa. Mtu mwenye hamu hukumbuka mapema, bwana!

Barua yenyewe ikifika, isomeni kwa miwani. Inatakiwa ionyeshe tarehe za semina, mahali itakapofanyika, nani analipia nini, na jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Waandaaji wana desturi ya kukuandika vile wanavyokusikia. Jina la babu hufanywa jina la kwanza, jina la kwanza hufanywa ukoo, na jina la baba hupunguzwa likabaki herufi moja yenye nukta, halafu mtu huyo mpya, ambaye hata wazazi wangu hawamfahamu, ndiye anayekatiwa tiketi. Rekebisheni kosa hilo mapema, maana baadhi ya mashirika ya ndege hutoza fedha kubadilisha herufi moja ya jina, na kwenye kaunta ya uwanja wa ndege hakuna anayetaka kusikia habari za ukoo wenu. Mkiona neno "MR" au "MRS" limegandishwa mwishoni mwa jina, hilo peke yake lisiwape presha, kwa kuwa ndivyo mitambo ya tiketi inavyoandika.

Pasipoti nayo ina masharti ambayo hayaonekani kwa macho. Ile tarehe ya mwisho iliyochapishwa ndani yake ni ya kukufariji tu. Kwa Schengen, pasipoti inatakiwa iendelee kuwa hai kwa miezi 3 au zaidi baada ya siku unayokusudia kuondoka, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Nchi nyingine hudai miezi 6. Kwa maneno mengine, unamiliki pasipoti ambayo haijakwisha lakini haifai, na serikali iliyokupa haioni tatizo lolote.

Picha nayo ni kesi inayojitegemea. Nchi nyingi hutaka milimita 35 kwa 45, Marekani hutaka mraba wa milimita 51 kwa 51, na tangu Novemba 2016 Marekani haikubali miwani pichani isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu. Mimi nisiyeona ukuta bila miwani nililazimika kuitazama kamera kwa kukisia. Mpiga picha akaniambia nisitabasamu, nisikunje uso, nisiinue kidevu, nisifumbe macho, kisha akanionyesha matokeo: sura ya mtu ambaye hata mimi nisingemruhusu aingie nchini kwangu.

Halafu bima ya safari. Viza ya Schengen hudai bima yenye kinga isiyopungua euro 30,000, ikijumuisha matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurudishwa nyumbani, ukiwa hai au vinginevyo. Naomba msisome sehemu ya "vinginevyo" usiku wa kuamkia safari. Mtu anakunja shati la kuvaa siku ya ufunguzi, huku mezani kuna hati inayoeleza kwa lugha safi ya kisheria utaratibu wa kusafirishwa kwa mwili wake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazokidai, huanza kutumika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Kwa hiyo anayewadai mkachanje upya kwa sababu ya miaka 10 kupita amepitwa na habari.

Uwanja wa ndege una wazee wake wa baraza. Kanuni ya vimiminika, iliyoletwa mwaka 2006 baada ya kugunduliwa kwa njama ya kulipua ndege, husema chombo kisizidi mililita 100 na vyombo vyote vikae katika mfuko mmoja unaopitisha mwanga, wenye ujazo wa lita moja. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimelegeza masharti, lakini usiende ukiamini kwamba chako ni kimoja wapo. Kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Nilikuwa na dawa ya meno iliyokwisha kukunjwa kutoka mkiani hadi karibu na kifuniko, imebaki ya kupigia mswaki mara moja au mbili, na afisa akaikunjua polepole kwa vidole vyenye glavu, akatafuta maandishi, akasoma "150" kwa sauti, akaitupa. Nilimwonyesha kwamba haina kitu. Akakubali kabisa kwamba haina kitu, na ikabaki humo humo pipani.

Betri ya akiba ya simu, ile mnayoiita pawa benki, hukaa katika begi la mkononi na si katika mzigo unaokabidhiwa, kwa sababu ikiwaka moto huko chini hakuna wa kuuzima. Kikomo cha kawaida ni watt-saa 100, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuuhifadhi. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Yenye mAh 20,000, kile kipimo kingine kinachochapishwa juu yake, huwa na watt-saa 74 hivi, kwa hiyo hupita, ila angalieni kama maandishi yake bado yanasomeka, maana afisa akikuta yamefutika anaweza kuichukua.

Mzigo ukipotea, msitoke nje ya ukumbi wa mizigo kwenda kulia mbele ya dereva teksi. Nendeni kwenye dawati la mizigo mkajaze ripoti, mkachukue namba yake, na mtunze ile karatasi ndogo yenye mistari myeusi mliyopewa wakati wa kuukabidhi. Kwa safari zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ule unaohusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, malalamiko ya maandishi kuhusu mzigo ulioharibika yanatakiwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na kuhusu mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipofikishwa mikononi mwako. Ndiyo maana nguo ya siku ya kwanza, dawa na hotuba yako vinatakiwa vikae mkononi. Mada hutolewa vizuri zaidi na mtu mwenye suruali.

Mbele ya afisa wa uhamiaji, anwani ya hoteli na barua ya mwaliko ziwe kwenye karatasi. Waraka wa waandaaji unasema kwa kujiamini kwamba "intaneti ya bure inapatikana uwanjani". Inapatikana, ila ili kuingia lazima uandike namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu yako, na simu yako haipokei ujumbe kwa sababu iko nchi ya ugenini, na ndiyo sababu ulikuwa unaitafuta intaneti tangu mwanzo. Ningependa kukutana na aliyebuni mpango huu, nimtazame tu.

Hatimaye mtu anafika chumbani, simu imebaki asilimia mbili, naye anainama kutafuta soketi. Hapa ndipo ninapoomba dunia inieleze. Kuna aina 15 za plagi zilizoorodheshwa kimataifa, kuanzia A hadi O. Ya Uingereza ina meno matatu bapa na fyuzi ndani yake, ya sehemu kubwa ya Ulaya bara ina miguu miwili ya mviringo, halafu Uswisi, Italia na Denmaki, kila mmoja akaona wenzake hawakufikiria vya kutosha, akajitengenezea yake. Soketi ya Uswisi ina tundu la tatu lililosogezwa kidogo pembeni, na imezamishwa ndani ya shimo lenye pembe sita, kiasi kwamba plagi nene ya duara hugota mdomoni na kukataa, hata ukiisukuma kwa goti. Nunueni adapta kabla ya kuondoka, na mbebe na waya mmoja wa soketi nyingi ili adapta moja ihudumie simu, kompyuta na jirani yenu wa chumba cha pili ambaye hakununua.

Adapta hubadilisha meno tu, haibadilishi umeme. Ulaya hutumia volti 230, Marekani 120, Japani 100. Chaja iliyoandikwa "100–240V" haina shida popote, lakini pasi au kikausha nywele kilichotengenezwa kwa volti moja kikipelekwa kwenye nyingine ama kitalala usingizi, ama kitatoa moshi na kengele za hoteli zitawaamsha washiriki wote, ambao mtawafahamu kwa sura kabla ya kikao cha kufahamiana.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa sina nyingi. Hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako ya benki kama dhamana siku ya kuingia, hata kama mwandaaji amelipia chumba, na kiasi hicho huweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Mashine ya malipo ikikuuliza kwa ukarimu kama ungependa kulipa kwa sarafu ya nyumbani, kataa, chagua sarafu ya nchi uliyopo. Ukarimu ule una kiwango chake cha kubadilishia fedha, na kwa kawaida wanaonufaika ni wenye mashine.

Kuhusu usingizi, mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ya majira, na kuelekea mashariki huwa kugumu zaidi. Semina nyingi humalizika siku ambayo mwili ndio kwanza umewasili.

Sasa turudi kwenye fedha, maana gharama za safari hurejeshwa baadaye. Tunzeni vipande vya kadi za kupandia ndege, risiti za treni na hata ile ya teksi inayofifia maandishi, ipigeni picha siku hiyo hiyo. Fomu ya madai ina kisanduku chenye nyota nyekundu kinachodai IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa inayoweza kufika herufi na tarakimu 34. Benki za nchi nyingi hazina namba hiyo, zikiwemo za Marekani, Kanada na Australia, na hulipwa kwa namba ya kawaida ya akaunti pamoja na msimbo wa SWIFT, yaani ule unaoitambulisha benki kimataifa. Fomu haijui hilo. Ukiacha kisanduku wazi haisogei, ukiandika "hakuna" inasema namba si sahihi. Ulizeni kabla ya kuondoka kama wanaweza kulipia tiketi na hoteli wao wenyewe, na wakisema mtarudishiwa, ulizeni kwa njia gani na kwa fomu ipi. Mimi nimemwandikia mhasibu wao nikamweleza yote haya kwa adabu, nikaambatisha barua ya benki, na jibu limenifikia papo hapo: hayupo ofisini, amesafiri nje ya nchi kuhudhuria semina.