Sensa Ndogo Chini ya Maji: Dharau Ambayo TG Haiistahili

Anayetafuta kamera ndogo ya kupigia picha chini ya maji hukutana mapema na ushauri mmoja unaotolewa kwa uhakika mkubwa: asinunue kamera yenye sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kwa mujibu wa ushauri huo, kamera za TG, yaani Olympus TG-6 ya mwaka 2019 na TG-7 ya mwaka 2023 inayouzwa kwa jina la OM System, ni za watalii wa bwawa la hoteli, na mpiga picha mwenye nia anapaswa kununua Sony RX100 VII au Canon G7 X Mark III pamoja na kasha la kuzuia maji. Ushauri huu una ukweli ndani yake, lakini umezaliwa nchi kavu, ambako baina ya lenzi na kinachopigwa hakuna kitu ila hewa.

Tuanze na ukweli wake. Sensa iitwayo ya inchi moja, iliyomo katika Sony na Canon, ina ukubwa wa milimita 13.2 kwa 8.8, eneo ambalo ni takriban mara nne ya lile la sensa ya TG. Katika kina cha mita 25 kwenye ukingo wa matumbawe ya Misali, Pemba, ambako chewa hujibanza chini ya mwamba na mwanga ni haba, tofauti hiyo huonekana bila kutafutwa: TG hulazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, rangi hufifia, na kivuli kilichopaswa kuwa cheusi hujaa chembechembe. Sony, aidha, hufokasi upesi zaidi na humfuata samaki anayekimbia kwa namna ambayo TG haiwezi, na hilo halina ubishi.

Ipo kasoro nyingine ya TG ambayo wanaoilaumu huitaja mara chache, ingawa kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko sensa. Kamera hii haimruhusu mpiga picha kujichagulia kasi ya shata, yaani muda ambao sensa huachwa ipokee mwanga. Mtu anayetumia flashi za nje husimamia mianga miwili kwa pamoja, wa flashi unaomwangaza mnyama na wa jua unaoyapa maji ya nyuma ubuluu wake, na huu wa pili hudhibitiwa hasa kwa kasi ya shata. Mwenye TG hubaki akiibembeleza kamera kwa kurekebisha mwangaza wa jumla, na mara nyingine haisikii.

Maji nayo yana sheria zake. Mwanga mwekundu humezwa kwanza, na ndani ya mita chache za mwanzo sehemu kubwa yake imekwisha kupotea. Chembe zinazoelea hutawanya mwanga uliobaki na kuufanya ukungu. Kwa hiyo kila sentimita ya maji inayobaki kati ya lenzi na mnyama hupunguza rangi na ukali wa picha, na hakuna sensa, iwe kubwa kiasi gani, inayorudisha kilichokwisha kupotelea majini. Swali la kwanza la kuuliza dukani, basi, ni jinsi kamera inavyoweza kusogea karibu.

Hapo ndipo hesabu hugeuka. RX100 VII hufokasi kuanzia sentimita 8 lenzi ikiwa katika upana wake wote, lakini ukivuta hadi mwisho wa lenzi umbali huo huwa mita 1. Chukua konokono wa baharini asiye na kombe, mwenye urefu wa sentimita 3, anayetambaa juu ya sponji. Ukimpiga kwa upana, ukiwa karibu kadiri kamera inavyoruhusu, hachukui hata nusu ya upana wa picha. Ukivuta lenzi ili awe mkubwa, kamera hukudai urudi nyuma na kuweka maji mengi mbele yake. Kinachofuata ni kukata picha nyumbani. Picha ya megapikseli 20, ikibakizwa nusu ya upana na nusu ya urefu, huwa ya megapikseli 5. TG, katika hali yake ya hadubini, hufokasi kuanzia sentimita 1 mbele ya lenzi hata lenzi ikiwa imevutwa, na konokono yule yule hujaza fremu ya megapikseli 12 bila kukatwa popote. Zaidi ya hayo, udogo wa sensa unaodharauliwa ndio unaofanya pembe zake na matamvua ya mgongoni vionekane vikali kwa pamoja, jambo ambalo mwenye sensa kubwa hulipata kwa kubana tundu la lenzi na kuongeza mwanga wa flashi.

Ni haki kusema kwamba lenzi ya ukaribu inayofungwa mbele ya kasha huondoa sehemu kubwa ya udhaifu huo wa Sony, na kwamba aliyekwisha kuinunua atapata picha bora kuliko za TG. Ni haki pia kusema kwamba katika sentimita 1 TG hujizibia mwanga kwa kasha lake yenyewe, na anayetaka matokeo mazuri hana budi kurudi nyuma kidogo na kuingiza taa kutoka ubavuni. Lakini lenzi ile ni gharama nyingine juu ya kamera iliyotoka kwa karibu dola 1,200, ilhali TG-7 ilitoka kwa dola 550, na bado kasha halijahesabiwa.

Upande wa picha za upana, watu hudhani kwamba angalau huko kamera ya bei kubwa haina mpinzani. Papa potwe wa Kilindoni, Mafia, hupigwa picha karibu na uso wa maji, kati ya Oktoba na Februari hivi, palipo na jua la kutosha na vijidudu vinavyoelea ambavyo flashi ingevigeuza kuwa theluji. Mwanga si tatizo hapo. Tatizo ni kumwingiza mnyama wa mita kadhaa ndani ya fremu. Lenzi ya Sony huanzia milimita 24 na ya TG 25 (namba ikiwa ndogo, picha huwa pana zaidi), na nyuma ya kioo bapa cha kasha maji huzibana zote mbili hadi takriban 32 na 33. Hakuna potwe atakayeiona tofauti hiyo, na zote mbili zinahitaji lenzi pana ya nyongeza.

Kuna suala la kuvuja. Unywele mmoja au punje ya mchanga juu ya oringi, ule mpira mwembamba unaoziba mlango wa kasha, yatosha kuingiza maji kwenye kasha, na RX100 iliyolowa chumvi haifufuki. TG yenyewe hustahimili mita 15 bila kasha, na kwa kuwa makasha mengi huvuja mita za juu, kabla shinikizo halijaikaza oringi, mara nyingi hutoka ikiwa hai. Hiyo si bima ya mita 30, wala haimsaidii anayefungua kifuniko cha betri kwa mikono yenye maji ya chumvi juu ya mashua.

Mwenye mpango wa kufunga flashi mbili na kuzama kwa ajili ya kuta za matumbawe na maji ya buluu anunue Sony au Canon, na aifanye hesabu ya vifaa vyote kabla ya kulipia kamera. Kwa wengine waliobaki, ambao ndio wengi, ningewaelekeza wazitazame TG-6 zilizotumika zinazouzwa pamoja na kasha la PT-059. Makasha kwa kawaida hutengenezwa kwa umbo la kamera moja tu, lakini hilo, linaloshuka hadi mita 45, huipokea TG-7 pia, kwa hiyo kamera ikifa kasha halitupwi. Kabla ya kulipa, lifungue, iangalie oringi kwenye mwanga, kisha lifunge na ulitumbukize tupu kwenye beseni la maji na uhesabu mapovu.